Kabla ya kutuma fedha ya nguo za Krismasi

Dada, kwa kuwa umeuliza kama ni salama kumlipa kwanza muuzaji wa Instagram anayedai kuwa na duka Kariakoo, ili nguo za watoto zije Mbeya kwa basi, ushauri wangu ni kwamba usitume fedha hiyo bado. Mwombe akupigie simu ya video akiwa dukani, akuonyeshe nguo zenyewe pamoja na kibao cha duka, kwa sababu picha nzuri mtu yeyote anaweza kuziiba kwenye ukurasa wa mwingine.

Akikubali, lipa kwa Lipa Namba (namba ya malipo ya duka kwa simu), na usome kwa makini jina linalojitokeza kabla hujaingiza namba ya siri. Likitofautiana na jina la duka, sitisha hapo hapo, hata akikueleza kuwa ni la shemeji yake. Picha ya risiti ya mzigo nayo isikutulize, maana hughushiwa kwa urahisi. Nenda kwenye ofisi ya basi hilo pale stendi, uwaombe wahakiki namba ya risiti, wala usipige simu iliyoandikwa kwenye picha hiyo. Akikwambia mzigo umekwama na uongeze nauli, usiongeze hata shilingi.

Kama umeshatuma, tafadhali usione haya: pigia mtandao wako sasa hivi, kabla fedha haijatolewa, kisha uripoti namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.