Kabla Hujalipia Kitoto cha Kauri, Kigeuze Chini

Nakusanya vitoto vya kauri, visanamu vya zamani vya watoto vya Kijerumani. Changu cha kwanza nilikinunua Erfurt, Ujerumani, kwenye gulio la Jumamosi, kwa euro 40. Kilikuwa kimekaa kinashika kidole cha mguu, mashavu mekundu kama kimetoka kuoga. Nikafika nyumbani, nikakiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Mashavu yakabaki kwenye sponji. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Vitoto hivi ni vya kauri ya biski, yaani kauri iliyochomwa bila kupakwa glezi. Haina ule mng'ao wa vikombe vya chai, ndiyo maana inafanana na ngozi ya mtu. Kwenye kazi nzuri, sanamu ikishapakwa rangi inarudishwa tanurini hadi rangi ishike. Za bei rahisi zilipakwa zikaachwa hivyo hivyo. Siku hizi natembea na kitambaa cheupe chenye unyevu. Namwomba muuzaji ruhusa, nagusa nyuma ya sikio. Kitambaa kikipata rangi, nashukuru na kuondoka.

Kikibaki cheupe, ndipo ninapoigeuza sanamu kutafuta alama ya kiwanda chini yake. Nyingi zilitoka Thüringen, jimbo la katikati ya Ujerumani, kwenye vijiji vya milimani vilivyoishi kwa viwanda vya kauri. Kiwanda cha Gebrüder Heubach wa kijiji cha Lichte kilitumia alama ya jua linalochomoza, au mraba wenye jina lake. Neno "Germany" nalo linasaidia kukisia umri, kwa sababu kuanzia 1891 Marekani ilidai bidhaa zinazoingia ziandikwe nchi zilikotoka. Isipoandikwa si kosa. Zilizouzwa humo humo Ujerumani hazikulihitaji. Lakini ukikuta "German Democratic Republic", yaani Ujerumani Mashariki, hiyo ni ya baada ya 1949, hata muuzaji akuapie kwamba ni urithi wa bibi yake mzaa bibi.

Alama huigwa, kwa hiyo mimi huamini macho zaidi. Watoto wengi wa Heubach wamechongwa mboni zikazama ndani, na juu yake kitone cheupe kidogo. Pitisha ukucha taratibu, utahisi shimo lenyewe. Vitoto vya theluji, yaani visanamu vya watoto waliovaa nguo za theluji, kama vile vya kiwanda cha Hertwig wa Katzhütte, vinapimwa kwa kidole pia: ile "theluji" ni chenga za kauri iliyosagwa, inakwaruza kama chumvi ya mawe.

Kitu cha mwisho mfukoni ni tochi ya kukagulia noti bandia. Gundi na rangi mpya mara nyingi hung'aa tofauti na kauri. Wauzaji wengine hawaipendi. Mmoja alinuna nilipommulika kisanamu chake cha binti mwenye vazi la kuogelea, na shingoni ukatokea mstari wa gundi kama uzi. Alitaka 120, akashuka hadi 35. Nilimchukua, maana miguu na kofia vilikuwa vizima kabisa, na mstari wenyewe mchana huuoni. Ila siku nikimuuza, nitaanza kwa kumwonyesha mnunuzi hiyo shingo.