Hamsta wetu ananuka, tumuogeshe?

SWALI: Habari za kazi dada. Binti yangu anafuga hamsta, yule mnyama mdogo kama panya, na sungura. Wote tunawapenda ila siku hizi chumba kinanuka sana, yaani ukifungua mlango tu inakupiga. Tulitaka wikiendi tumuogeshe hamsta kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya mbwa, shemeji yangu anasema tutamuua. Kweli? Na sungura je, maana kwa nyuma ana uchafu umegandia.
Mama wa binti mpenda wanyama

JIBU: Nzuri mama, na nashukuru umeuliza kabla hamjamtia majini. Shemeji yako yuko sahihi kabisa, msimuogeshe. Hamsta anajisafisha mwenyewe kutwa nzima, analamba vikono vyake anapangusa uso na masikio, anageuka anachambua manyoya ya tumbo kwa meno, na yale manyoya yana mafuta ya asili yanayomkinga na baridi. Ukimlowesha mafuta yanatoka, na mwili wenyewe mdogo vile unapoteza joto haraka mno, anaweza kufa kwa baridi au kwa mshtuko tu. Shampuu ya mbwa ndo usiseme, akitoka hapo ataanza kujilamba na yote inaishia tumboni.

Sasa hiyo harufu mara nyingi sio ya mnyama, ni ya kizimba. Mkojo ukikaa kwenye maranda unatoa amonia, ile inayochoma pua, na wewe unaisikia ukifungua mlango ila yeye analala nayo. Hamsta wengi wanachagua kona moja ya kukojoa, kwa hiyo toa yale maranda yaliyolowa hapo kila siku. Usafi mkubwa fanya mara mojamoja, na usitupe vyote, rudisha maranda makavu kidogo ya zamani kwa sababu anapatambua kwake kwa harufu, ukimfutia yote anahangaika na kuanza kuweka alama upya, na harufu inarudi palepale. Maranda ya mwerezi yanayonukia vizuri msinunue, ile harufu inamsumbua kifuani.

Mkitaka aoge, mwekeeni bakuli la mchanga mkavu safi usio na vumbi, atagaagaa mwenyewe na mafuta yaliyozidi yanabaki kwenye mchanga. Chinchila, mnyama mwingine mdogo wa kufugwa, ndo anaogea vumbi laini la mawe ya volkano, manyoya yake yamesongamana kiasi kwamba kitundu kimoja cha ngozi kinatoa nywele zaidi ya 50, maji yakiingia humo hayakauki na fangasi wanafuata. Poda ya mtoto hapana, kwa mnyama yeyote kati ya hawa, inaingia mapafuni.

Sungura naye haogeshwi. Akiingiwa na hofu anarusha mateke kwa nguvu hadi anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Huo uchafu lowanisha hapohapo tu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, toa taratibu maana ngozi yake inachanika kirahisi, halafu kausha mpaka chini kwenye ngozi. Ila mama, hapa ndo naomba unisikilize vizuri, sungura mzima hachafuki nyuma hivihivi. Labda amenenepa hafiki kujisafisha, labda meno au viungo vinamuuma, au anakula punje nyingi na nyasi kavu kidogo, wakati nyasi ndo zinatakiwa ziwe karibu chakula chake chote. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo wiki hii, na mpaka hapo mkagueni nyuma kila siku, hasa kukiwa na joto, kwa sababu nzi wanataga kwenye ule uchafu na funza wakianguliwa wanamla akiwa hai. Mkiona funza hata mmoja msisubiri kesho. Na dawa ya viroboto ya mbwa msimpake, zile zenye fiproni zinaua sungura.

Hamsta naye mkimkuta mkia umelowa na anaharisha, huo ni ugonjwa sio uchafu, daktari siku hiyohiyo.