Shingo ya gitaa hupimwa darajani

Wanaoanza kutengeneza gitaa la nyuzi za chuma karibu wote huniuliza shingo ilazwe digrii ngapi. Kwa gitaa lenye uso uliobinuka kidogo, jibu huwa kati ya 1 na 2, nalo halikusaidii kitu. Kipima pembe cha karakana hakikuonyeshi tofauti ya digrii 1.2 na 1.5, ilhali tofauti hiyo ikifika darajani, kwenye kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi, ni milimita moja na nusu.

Achana na digrii. Chukua rula ndefu ya chuma iliyonyooka, ilaze juu ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, katikati ya shingo, ncha yake ifike darajani. Daraja usiligandishe bado, liweke tu mahali pake. Unene wake uwe milimita 9 hadi 10. Shingo iko sawa rula ikipita juu ya mgongo wa daraja ikiugusa kwa shida, au ikiuacha kwa nusu milimita. Kama freti hazijapigwa, rula inatakiwa ifike chini ya hapo kwa kimo cha freti, kama milimita 1. Wengi husahau hilo.

Ile nusu milimita ina kazi yake. Nyuzi nyepesi za chuma zikikazwa zote huvuta kama kilo 70. Uso utafutuka nyuma ya daraja, shingo nayo itakuja mbele kidogo, na rula itashuka.

Rula ikigonga ubavu wa daraja, nyuzi zitakaa juu mno na utausaga mfupa zinapokalia mpaka uishe, maana kushusha milimita 1 kwenye freti ya 12 kunakula milimita 2 za mfupa. Rula ikipaa sana, mfupa utakuwa mrefu, utaegemea mbele, na unaweza kupasua daraja hata liwe la mpingo.

Sasa marekebisho, ambako ndiko kwenye kazi. Chukua gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 645, shingo ikiungana na sanduku kwenye freti ya 14. Kutoka kwenye kiungo hadi darajani ni kama milimita 287. Kisigino, yaani mzizi wa shingo unaokaa kwenye sanduku, kinashuka kama milimita 95. Gawanya, unapata 3. Ukiondoa milimita 1 chini kabisa ya kisigino, rula inapanda milimita 3 darajani. Kwa hiyo rula iliyo chini kwa milimita 1 inadai theluthi moja tu ya milimita. Hapo randa na patasi zikae mezani.

Tumia ukanda wa msasa namba 120. Uingize kati ya shavu la kisigino (upande wake unaogusa sanduku) na sanduku, mchanga ukitazama kisigino, bana shingo kwa mkono, vuta ukanda utoke. Vuta mara tano kila upande, kisha pima. Ukanda ushike nusu ya chini tu. Ukifika juu utakula pale freti ya 14 inapokaa, na urefu wa uzi utabadilika. Shingo ikiwa imepinda kando, saga zaidi shavu la upande unaotaka kichwa kielekee. Utafunga na kufungua mara nyingi, ndiyo maana nawashauri muanze na shingo inayofungwa kwa bolti badala ya gundi. Wazee wa gundi watanuna, waacheni.

Shingo ikirudi nyuma, mkia wa ubao wa vidole, ule wenye freti, unaopita juu ya sanduku unabaki hewani. Ukiubana kwa klempu na gundi hivyo hivyo, kinundu kinajitokeza kwenye freti ya 14 na nyuzi zinakwaruza hapo. Weka kabari nyembamba chini yake, au mapema zaidi, sawazisha uso kati ya tundu la sauti na shingo ufuate mlalo ule ule.

Gitaa la nailoni lina hesabu zake: mvuto ni mdogo zaidi, na shingo hukaa sambamba na uso au huinama mbele kidogo.

Ukishafunga nyuzi, usiguse mfupa siku hiyo. Liache gitaa likae na mkazo wake wiki nzima, hasa kama uko Dar au Mombasa wakati wa masika, mbao zinapokunywa unyevu na uso kupanda. Ndipo upime freti ya 12: milimita 2.5 kwa uzi mnene, 2 kwa mwembamba.