Baba yao tuliyemjua akiwa na kaptula

Wiki hii mmeuliza: ukifiwa na mtu uliyesoma naye, umfanyie nini matanga yakishaanuliwa? Nawajibu kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, na jibu langu nalitanguliza: nendeni kwa watoto wake, mketi nao, muwasimulie mzazi wao alivyokuwa shuleni. Mchango wa pesa ni jambo jema, hitma ni jambo jema, na deni la maiti hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote. Lakini hayo yana wenyewe. Ndugu zake watayafanya, majirani watasaidia, msikitini ataombewa. Hili la shuleni lina watu wake, nao ni sisi tuliokaa naye darasani.

Mkewe alimjua akiwa na ndevu tayari. Mamake alimjua nyumbani, na mtoto wa nyumbani si yule yule wa darasani, kila mzazi aliyewahi kuitwa na mwalimu analijua hilo. Miaka minane ya shule ya msingi, tangu kengele ya asubuhi hadi ya kwenda nyumbani, alikuwa nasi. Walimu wetu wengi walikuwa watu wa bara, wakahamishwa, na baadhi yao wameshatangulia. Sisi tukinyamaza, sehemu nzima ya maisha ya mtu inakosa shahidi.

Mwaka huu tumefiwa na mwenzetu. Jina lake silitaji kwa sababu watoto wake wangali wadogo na habari hizi ni zao kwanza. Alikuwa na boti ya kuvusha abiria kati ya Amu na Mokowe, upande wa bara, na wengi waliopanda basi la Mombasa kutoka huku wamevushwa naye bila kumjua. Presha ilimwangusha usiku, na kabla ya adhuhuri ya siku ya pili alikuwa ameshazikwa. Sisi wanawake hatufuati jeneza makaburini. Tulibaki ndani tukisikia wanaume wakitoka naye, vichochoro vyetu vilivyo vyembamba, jeneza linapokezanwa mabegani, na ile "La ilaha illa Allah" ikififia kuelekea mtaa wa juu.

Kundi letu la WhatsApp la waliomaliza darasa la nane pamoja lilijaa rambirambi siku hiyo. Innalillahi juu ya innalillahi, na picha za mikono iliyoinuliwa kuomba dua. Siku ya tatu mtu akaweka tangazo la kiwanja kinachouzwa, na habari ya marehemu ikaishia hapo. Siwalaumu kwa uchungu, kila mtu ana mashughuli yake. Lakini iliniuma, maana katika salamu zile zote hakuna hata mmoja aliyeandika jambo moja alilokumbuka kwake. "Alikuwa mtu wa watu." Nani asiyeandikiwa hivyo akifa?

Ndipo nikaenda kumtazama mjane. Yuko eda, miezi minne na siku kumi, hajifukizi udi wala kupaka hina, na wageni anawapokea ndani. Ni mtu wa kisiwa cha Pate, ameolewa hapa akiwa mkubwa, kwa hiyo utoto wa mumewe kwake ni habari ya kuambiwa tu. Tulikuwa tumeketi mkekani na kahawa yetu alipoingia binti yake mkubwa, wa gredi ya saba, akanibusu mkono, akakaa karibu na mamake. Alipojua kwamba nimesoma na babake alinitazama sana. Kisha akauliza, "Shangazi, kweli baba hakuwa na akili ya shule?" Kumbe katika siku zile za msiba, mtu mmoja alikuwa amesema mbele yake, labda bila ubaya, kwamba marehemu kusoma kulimshinda ndiyo maana akaingia baharini.

Nikamwambia sikiliza, nikueleze jambo nililoliona kwa macho yangu.

Babu yake huyu mtoto alikuwa na jahazi la kubeba mawe ya kujengea kutoka Maweni, kule kisiwani Manda. Mwenzetu alikuwa mtoro, hilo sikumficha. Siku kadhaa yupo, kisha siku mbili tatu hayupo, na akirudi ana vumbi jeupe la mawe kwenye nywele. Alichapwa sana. Wakati ule kiboko kilikuwa halali, marufuku ilikuja mwaka 2001. Mwalimu mmoja wa sayansi, mgeni, akamsimamisha mbele ya darasa na rejista mkononi, akamtaka aeleze utoro wake una mpango gani. Nafikiri alikuwa akimkejeli. Yeye akaomba chaki.

Alichora mwezi mwandamo, mwezi nusu, mwezi mpevu, na nusu nyingine. Akasema: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ni bamvua. Yanajaa sana na yanatoka sana, na hapa kwetu hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Siku hizo mimi nipo shule, kwa sababu jahazi linakuja ukutani, pale ufukweni linaposhushia mawe, jioni, nimeshatoka darasani. Lakini kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Hesabuni siku saba, mwezi ukawa nusu, mtakuta maji sasa yanajaa saa nne asubuhi, wakati wa masomo. Tena hayo ni maji mafu, hata yakijaa hayapandi vya kutosha, na jahazi lililopakia mawe hupata muda mfupi tu wa kusogea ukutani kabla halijakwama. Baba anahitaji kila mkono wa kushusha mawe. Basi siku hizo sipo.

Darasa lilinyamaza. Mwalimu alifungua rejista, akauliza leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu, akaanza kurudi nyuma kwa kidole. Safu za utoro zilikuwa zikiangukia karibu na tarehe saba na tarehe ishirini na mbili za mwezi huo wa Kiislamu, mwezi baada ya mwezi. Huyo mwalimu, Mungu amlipe, hakuona haya kurudi kuwa mwanafunzi. Alimwambia aendelee, na kipindi chote kilichobaki mwenzetu ndiye aliyefundisha. Mwalimu aliongeza lile la kitabuni tu: kwamba siku za bamvua jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na dunia, nguvu zao za kuvuta maji zikaungana, na siku za maji mafu kila kimoja huvuta upande wake. Mwenzetu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa sababu ya jambo analoliishi.

Hapo mjane alicheka, mara ya kwanza tangu niingie, akasema hata wao mpaka mwisho alikuwa akiwaambia saa za maji kwa kutazama mwezi tu, na wao wakidhani kila nahodha yuko hivyo. Binti hakucheka. Alikwenda kuchukua daftari lake akaniomba niseme tena, polepole, ile habari ya dakika 50.

Mengine nilimsimulia kwa ufupi. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa kwa Kiingereza isipokuwa karatasi ya Kiswahili, na Kiingereza kilimpiga chini. Hapakuwa na swali la maji mafu. Akaingia uvuvi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huko Lamu bara, ya Juni 2014 ikaja kafyu, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku, na wavuvi wa Lamu waliumia kwelikweli, kwa sababu samaki wengi huvuliwa usiku. Wapo waliouza nyavu. Yeye aliachana na uvuvi akaanza kuvusha abiria, na kwa boti hiyo ndiyo anasomesha watoto. Anasomesha, nasema bado, maana karo ya muhula huu aliilipa yeye.

Kuna watakaosema maiti atajwe kwa mema tu. Mimi pia nimelelewa hivyo, na aibu za mtu sizianiki. Lakini sifa tupu haziwafai watoto. Nilimwambia binti kwamba babake alikuwa mbishi, kwamba akikasirika alikuwa akinuna siku nzima, kwamba aliwahi kumsukuma mvulana mmoja kutoka ukutani kwa sababu alimdhihaki mamake, na maji yalikuwa yametoka, kulikuwa na tope tu. Mjane akamtazama bintiye na bintiye akainamisha uso. Nadhani kuna mtu mwingine mbishi katika nyumba ile.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu ya hadithi ya Mtume tunayoijua sote, kwamba mtu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Mtoto atamwombea babake hata kama hajui mengi, lakini mimi naamini humwombea kwa moyo mwingine akimjua. Na mtoto aliyeambiwa kwamba babake hakuwa na akili, akaliamini hilo, amenyang'anywa kitu ambacho pesa zetu za mchango hazirudishi.

Kwa hiyo nililiandikia lile kundi letu. Sikuwagombeza. Niliwaambia binti anataka kujua habari tatu: nani alimfundisha babake kuogelea, kwa nini alikuwa na kovu kwenye nyusi, na kama aliwahi kusema anataka kuwa nani akikua. La kovu lilijibiwa usiku ule ule na mwenzetu aliye Mombasa, kwa sauti ya dakika kumi na mbili, na ndani yake mna mambo ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia. Binti amelinakili lote daftarini. La kuogelea bado hatuna. La tatu analijua aliyekaa naye dawati moja, ambaye siku hizi ni fundi wa majahazi kijijini Matondoni na hapendi simu. Tumempelekea habari, amesema twende Jumamosi, mimi na binti na shangazi yake wa damu, na tusile chakula cha mchana kabla ya kufika.