Mkanda wa taimingi una umri, hauna kilomita tu

Gari la mjomba lilinifikia likiwa na kilomita 68,000 na umri wa miaka 14. Nililiona ni bahati ya mtende. Rangi bado inang'aa, viti havijalegea, na odomita inasoma kidogo kuliko ya magari ya wenzangu yenye nusu ya umri wake. Mjomba alikuwa akilitoa mara moja kwa wiki, akilirudisha analifunika. Kitabu cha gari kilikuwemo kwenye droo ya dashibodi, nami nikakisoma kama tunavyosoma wengi: nikatafuta mkanda wa taimingi, ule wa mpira wenye meno unaoipangia injini zamu zake, unabadilishwa kwa kilomita ngapi, nikaona 100,000, nikapiga hesabu kwamba nina kilomita 32,000 za kula raha. Baada ya namba hiyo palikuwa na maneno mengine machache yanayoanza na "au miaka". Macho yakayaruka.

Mwezi wa tano, nikiwa kwenye mwendo wa kawaida kabisa, injini ikazima. Haikukohoa wala kutetemeka. Taa za dashibodi ziliwaka zote kwa pamoja, usukani ukawa mzito, nikajikokota hadi pembeni ya barabara. Nikapiga starti. Starta ikazunguka haraka na kwa ulaini, kama cherehani inayoendeshwa bila kitambaa. Injini isiyo na hitilafu ikipigwa starti huisikii hivyo. Unaisikia inajikaza na kuachia, inajikaza na kuachia, kwa kuwa pistoni zinabana hewa iliyofungiwa ndani. Ikizunguka nyepesi namna ile, hewa inatoka mahali isipopaswa kutoka. Sikulijua hilo siku ile, nikapiga starti mara nne au tano zaidi, na huenda kila mara nikawa nazigongesha pistoni upya kwenye valvu, vile vifuniko vya kuingizia hewa na kutolea moshi. Kwa hiyo yakikukuta hayo, gari limezima ghafla na starta inazunguka bila uzito, toa ufunguo na uite mtu wa kulivuta.

Fundi wangu ni mzee wa maneno machache. Alisikiliza mara moja tu akasema, "Binti, basi, usiwashe tena."

Gereji alifungua kava la juu na mimi nikachungulia. Mkanda ulikuwepo, mweusi, haujakatika, hata maandishi ya kiwandani mgongoni yanasomeka. Nikaanza kupata matumaini. Akaingiza spana kwenye nati ya puli ya chini na kuizungusha taratibu: krenkishafti, mhimili mkuu wa chini, inazunguka, mkanda umetulia tuli. Alipoushusha, tukaona meno yapatayo manane yamenyolewa kabisa pale ulipokuwa umeikumbatia giya ya krenkishafti. Silinda hedi, sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu, ilipofunguliwa, vichwa vya pistoni vilikuwa na alama za mwezi mwandamo, kama vile mtu kavifinya kwa ukucha. Akaipindua hedi, akamimina mafuta ya taa kwenye matundu ya kuingizia hewa, tukakaa kuangalia. Yakaanza kuchuruzika kupitia kingo za valvu ambazo zilitakiwa kuziba. Kati ya valvu 16, nane zilikuwa zimepinda. Bili yake ingetosha kubadilisha mkanda mara kadhaa, na ile methali ya ufa na ukuta naomba nisiambiwe tena, nimeshaambiwa na ukoo mzima.

Kilichotokea ni hiki. Mkanda wa taimingi unaunganisha krenkishafti, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, inayofungua valvu. Kamshafti huzunguka mara moja kila krenkishafti inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja. Kwenye injini nyingi valvu na pistoni hupishana katika nafasi ileile kwa zamu, na anayegawa zamu ni mkanda. Ukiteleza au ukikatika, kamshafti inasimama na valvu kadhaa zikiwa zimening'inia wazi, pistoni nayo inapanda kama kawaida. Zipo injini ambazo pistoni na valvu hazifikiani kabisa. Toyota 4A-FE na 5A-FE za miaka ya 1990 zinajulikana kwa hilo, mkanda ukikatika gari linazima, unafunga mwingine na kuendelea na safari. Injini za dizeli usizitegemee kwa huruma ya aina hiyo, kwa sababu pistoni yake hupanda hadi karibu kabisa na hedi.

Sasa hiyo "au miaka". Mkanda ni mpira uliofumwa na nyuzi za fibaglasi ndani, na mpira unazeeka hata ukilala. Unapata joto la injini, unapoa, unapata joto tena, na mwaka hadi mwaka unakauka na kupoteza ile hali ya kunepa. Gari la mjomba halikwenda popote lakini mpira ulikuwa na miaka 14. Ndiyo maana vitabu vinatoa namba mbili na kusema itakayotangulia ndiyo inayohesabiwa. Kwa Marekani, Subaru kwenye injini zake za EJ25 iliandika maili 105,000 au miezi 105, yaani karibu kilomita 169,000 au miaka 9 kasoro miezi mitatu. Honda kwenye V6 zake nyingi zilizouzwa huko iliandika maili 105,000 au miaka 7, na kwa gari linaloendeshwa mara kwa mara kwenye joto la zaidi ya nyuzi 43 za Selsiasi ikashusha hadi maili 60,000. Magari mengi ya zamani yaliandikiwa kilomita 100,000 au hata pungufu. Kwa hiyo namba ya jirani yako si yako. Tafuta ya injini yako, kwa msimbo wa injini kama huo EJ25 na si kwa jina la gari, maana jina moja linaweza kubeba injini tatu tofauti.

Kuna na foleni. Odomita haihesabu saa. Gari linalotembea kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa linamaliza kilomita 100,000 kwa saa 1,250 za injini. Linalojikokota mjini kwa wastani wa kilomita 20 linatumia saa 5,000 kufika palepale, na muda wote huo mkanda unazunguka ndani ya joto. Mimi siku hizi, kwa kuwa nashinda kwenye foleni, nakata robo ya kilomita zilizoandikwa. Hiyo ni kanuni yangu mwenyewe, hamna kitabu kilichoniambia.

Kabla ya yote lakini hakikisha gari lako lina mkanda na si cheni. Kuna jamaa alitaka kubadilishiwa mkanda kwenye Toyota yenye injini ya 1NZ-FE, na hiyo ina cheni. Bahati yake fundi alikuwa mkweli. Kwa kuangalia tu, mkanda wa kawaida hukaa nyuma ya kava la plastiki lililofungwa kwa nati ndogondogo, kwa sababu unafanya kazi pakavu. Cheni inaogelea kwenye oili, hivyo kava lake ni la chuma na limezibwa lisivuje. Kuna injini ndogo za kisasa zenye mkanda unaozama ndani ya oili, na hizo zinachanganya macho. Kwa hizo, oili isiyo ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu inaweza kuumumunyua mkanda, na vipande vyake vikaenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Wengine wanasubiri dalili. "Haujalia bado," wananiambia. Unaolia ni mkanda wa nje, ule wa feni na altaneta, kwa kuwa hauna meno na unateleza. Wa taimingi una meno, hautelezitelezi kwa kelele. Ukisikia mlio wa kusaga au wa mluzi mwembamba nyuma ya lile kava, mara nyingi ni beringi ya tenshena (kifaa kinachoukaza mkanda) au ya puli inayoanza kufa, na hapo usiongeze safari. Kuutazama nako si kinga. Mipira ya siku hizi inaweza kuchoka bila kuonyesha nyufa, na sehemu iliyoliwa inaweza kuwa imefichika chini kama yangu. Kuna dizeli za Toyota kama 1KZ-TE zenye taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Ni msaada mzuri, ila inajua kilomita tu, miaka haiijui, na yeyote anaweza kuizima bila kugusa mkanda.

Ukinunua gari lililotumika na hakuna karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa haujawahi kubadilishwa. "Aliyeniuzia aliniambia kabadilisha juzi" si karatasi. Magari yaliyotoka Japani wakati mwingine huwa na stika ndani ya boneti au pembeni ya mlango yenye tarehe na kilomita za kubadilisha mkanda. Itafute kabla ya kununua, ipige picha, umwombe anayesoma Kijapani akuhakikishie kuwa si ya oili. Tarehe iliyoandikwa pale ndiyo ninayoiamini kuliko odomita.

Gari langu la pili nilibadilisha mkanda wiki ya kwanza. Nikajiona nimeelimika, kumbe bado. Fundi mzee akaniambia, "Na pampu ya maji, binti, hii inazungushwa na mkanda uleule." Nikagoma, haivuji, ya nini? Miezi minane baadaye ikaanza kudondosha maji juu ya mkanda mpya. Kuifikia ilibidi kuvua vitu vyote vilevile vilivyovuliwa mara ya kwanza, na mkanda ulioloa maji ya rejeta ukatupwa. Gharama kubwa ya kazi hii ni mikono, spea ni sehemu ndogo. Kwa hiyo palipofunguliwa pabadilishwe vyote: mkanda, tenshena, puli zake, pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huo, na oili sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) za kamshafti na krenkishafti, kwa sababu oili ikivuja juu ya mpira inaulainisha na kuuvimbisha.

Siku ya kazi mimi hukaa palepale, hata kama fundi hapendi. Mkanda mpya usikunjwe kama karatasi, nyuzi za ndani zinavunjika na huzioni. Alama za giya za kamshafti na krenkishafti zilingane kabla mkanda haujavaliwa. Kisha injini izungushwe kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili ya krenkishafti, na alama ziangaliwe tena. Kama kuna jino moja limeruka, alama hazitalingana, na kama valvu inagusa pistoni, spana itagoma taratibu mkononi na hakuna kitakachovunjika. Fundi anayefunga kava na kupiga starti moja kwa moja, mimi sirudi kwake.

Mkanda wa zamani naomba nipewe. Wa juzi niliukunjua pale gereji, nikaugeuza nje ndani, meno yote yapo. Fundi mzee akacheka, "Unaona, bado mzima huo." Ulikuwa na miaka saba. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika tarehe na kilomita kwenye utepe mweupe, nikaubandika juu ya kava, na chini yake nikaongeza mwaka wa kubadilisha tena, kwa herufi kubwa kuliko kilomita.