Cream jukwaani: maswali yenu kuhusu 1968 na 2005

Tangu nilipowataja Cream katika safu hii, maswali yamemiminika, na karibu yote yanahusu rekodi zao za jukwaani. Kwa asiyewafahamu: Eric Clapton alipiga gitaa, Jack Bruce alipiga besi na kuimba, Ginger Baker alikaa kwenye dramu. Walianza London mwaka 1966 na kuagana Novemba 1968, kisha wakarudi pamoja 2005. Walichukua bluzi, wakaipandisha sauti mpaka ikawa roki nzito, wakaipaka rangi za saikedelia, ule muziki wa kindoto wa enzi zile. Nimechagua maswali machache.

Simu yangu ina nafasi ya albamu moja tu ya laivu. Niweke ipi? (Msomaji, Arusha)

Weka "Wheels of Fire" ya 1968. Ilitoka ikiwa santuri mbili katika jalada moja: ya kwanza ya studio, ya pili ya jukwaani. Hiyo ya pili ina nyimbo nne tu, lakini ndani yake bendi nzima imo.

"Crossroads" ni ya dakika 4 na kidogo. Clapton anapiga solo mbili, na ile ya pili imewafunga vijana vyumbani na magitaa yao kwa zaidi ya miaka 50. Yeye mwenyewe haipendi. Amewahi kusema anahisi hapo walikuwa wamepotezana kwenye mapigo. Isikilize ukijua hilo, utasikia watu watatu wanaokimbia bila kushikana mikono, na kwangu mimi utamu wake uko hapohapo.

Kisha inakuja "Spoonful", karibu dakika 17. Sisi tuliokulia kwenye sebene hatuogopi wimbo mrefu. Tofauti ni kwamba sebene ina mwendo unaokubeba, ukishaingia unajua uko wapi. Hapa hakuna wa kukubeba. Besi ya Bruce haikai chini kushika mzigo kama besi nyingine. Inapanda kumjibu Clapton, inambishia, wakati mwingine inamtangulia. Baker naye anawachokonoa wote wawili kutoka nyuma. Mara ya kwanza niliusikia kama fujo. Siku nilipoacha kumfuata mwenye gitaa nikaifuata besi peke yake, mlango ukafunguka. Jaribu hivyo.

"Traintime" ni ya Bruce na harmonika yake, na dramu tu, gitaa halimo. "Toad" ni solo ya dramu ya dakika 16, na wengi huiruka. Ningekuomba uivumilie walau mara moja, usikilize miguu ya Baker: alikuwa na dramu kubwa mbili za miguu, na miguu yake inaongea lugha tofauti na mikono.

Jalada la albamu hiyo linasema ilirekodiwa Fillmore, San Francisco. Rafiki yangu anabisha. Nani mkweli? (Msomaji, Nairobi)

Rafiki yako. "Toad" peke yake ndiyo iliyorekodiwa Fillmore. Nyingine tatu ni za Winterland, ukumbi mwingine wa mji huohuo uliokuwa zamani wa kuteleza kwenye barafu. Zote ni za Machi 1968. Jina la Fillmore lilikuwa na mvuto zaidi, likapewa jalada zima.

Nilinunua "Live Cream" lakini wimbo mmoja hauna kelele za watu hata kidogo. Nimeuziwa bandia? (Msomaji, Tanga)

Hapana, ndugu yangu, iko hivyo tangu kiwandani. Wimbo huo ni "Lawdy Mama", na ni wa studio, wa 1967. Una historia nzuri: mtayarishaji wao, Felix Pappalardi, alichukua muziki ule, yeye na mkewe Gail Collins wakautungia maneno mapya, ukawa "Strange Brew". Ndiyo maana sikio lako litakuambia unaujua. "Live Cream" ilitoka 1970, bendi ikiwa imeshakufa, na kampuni ilikuwa inakusanya kilichobaki kwenye makabati. Hata hivyo "N.S.U." na "Sweet Wine" zilizomo ni Cream halisi ya Machi 1968, imechemka. "Live Cream Volume II" ya 1972 ni hivyohivyo, na imenyooka zaidi kwa anayetaka nyimbo zao maarufu.

Albamu yao ya "Goodbye" ni ya laivu au ya studio?

Nusu kwa nusu. Nyimbo tatu ni za Los Angeles, Oktoba 1968, na tatu za studio. George Harrison wa Beatles yumo kwenye wimbo "Badge" kwa jina la kubuni, kwa sababu za mikataba.

Shikamoo. Baba yangu anasema albamu ya 2005 ni ya wazee waliochoka, na kwamba wangebaki nyumbani. Mimi naipenda kuliko zile za zamani. Nimekosea? (Kijana, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Hujakosea, na baba yako ana sababu zake, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Mei 2005 walipiga usiku nne, tarehe 2, 3, 5 na 6, katika Royal Albert Hall ya London, ukumbi uleule walioagia Novemba 26, 1968. Albamu ilitoka Oktoba mwaka huohuo. Baker alikuwa na miaka 65, akisumbuliwa na maumivu ya viungo, akisafiri kutoka Afrika Kusini alikokuwa anaishi. Bruce alikuwa na 61, na mwaka 2003 alikuwa amepandikizwa ini na kukaribia kufa. Clapton alikuwa na 60. Baba yako anaposema mwendo umepungua, anasema kweli. "Spoonful" imeshuka kutoka karibu dakika 17 hadi kama 7 na nusu. Gitaa nalo si Gibson lenye sauti nene ya zamani, ni Fender Stratocaster, sauti nyembamba na safi. Aliyezoea ule moto wa 1968 atahisi amepewa chai bila sukari.

Lakini kumbuka moto ule ulikuwa nini. Walipanga spika ukuta mzima, kila mmoja akipandisha sauti ili asimezwe na mwenzake. Clapton amesimulia kwamba usiku mmoja aliacha kupiga kabisa, na wenzake wawili hawakugundua. Baker alilalamika hadi uzeeni kwamba vikuza sauti vile viliharibu masikio yake. Kwa hiyo tunaposikia mazungumzo ya watu watatu katika rekodi za 1968, mara nyingine tunasikia watu watatu wakiongea wote kwa wakati mmoja.

Mwaka 2005 wanasikilizana. Chukua "We're Going Wrong". Baker anazungusha ngoma kwa vijiti vyenye vichwa laini, polepole, kama bahari inayojaa. Bruce anaimba kwa sauti iliyochakaa ya mtu aliyerudi kutoka mlango wa kaburi. Clapton anangoja, anangoja tena, ndipo anaingia. Vijana wale wa 1968 wasingeweza kungoja hivyo. Au "Stormy Monday", bluzi isiyokuwamo kwenye albamu zao za zamani: Clapton anaimba na kupiga kama mtu aliyeketi barazani kwake, na wale wawili hawamsukumi hata kidogo. Pia walipiga "Badge", ambayo Cream hawakuwahi kuipiga jukwaani kabla ya hapo.

Mwambie baba yako, kwa heshima zote, kwamba anatafuta pigano katika rekodi ya mapatano. Kisha msikilize naye "We're Going Wrong" mkiwa pamoja, taa zimezimwa. Kama bado hatakubali, basi mwachie "Crossroads" yake, naye ana haki nayo.

Kama mambo yalikuwa mazuri London, kwa nini hawakuendelea? (Msomaji, Mombasa)

Waliendelea kidogo. Oktoba 2005 walipiga usiku tatu Madison Square Garden, New York, na huko ugomvi wa zamani ukarudi. Baker alisimulia baadaye kwamba Bruce alimfokea jukwaani kwa kupiga kwa sauti kubwa. Hawa wawili walikuwa wamegombana tangu walipokuwa pamoja kwenye bendi ya Graham Bond kabla ya Cream, na walipigana mbele ya watazamaji. Ajabu ni kwamba hakuna besi na dramu zilizofahamiana kuliko za watu hawa waliochukiana. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, na bado linanihuzunisha kila ninapousikia wimbo wao "Politician".

Nimeona filamu ya onyesho la kuaga la 1968. Mbona kamera inahangaika na sauti ni mbaya? (Msomaji, Zanzibar)

Ni filamu ya Tony Palmer, iliyoonyeshwa na BBC mapema 1969. Sauti haikurekodiwa vizuri, na picha zinakimbilia uso wakati wewe unataka kuona vidole. Itazame kama kumbukumbu ya usiku ule. Kwa masikio, tumia rekodi za Oktoba 1968. Nyingi zimo katika mkusanyo wa diski 4 uitwao "Goodbye Tour – Live 1968", uliotoka Februari 2020: Oakland, Los Angeles, San Diego, na usiku wenyewe wa London. Nenda moja kwa moja Oakland.

Je, tutegemee waungane tena? (Msomaji, Bujumbura)

Haiwezekani tena, dada yangu. Bruce alifariki Oktoba 25, 2014, na Baker Oktoba 6, 2019. Mwezi uleule wa Februari 2020 ambao mkusanyo huo ulitoka, Clapton aliandaa onyesho la kumkumbuka Baker huko Hammersmith, London, akapiga nyimbo za Cream. Miongoni mwa waliokaa kwenye dramu usiku ule alikuwa Kofi Baker, mtoto wa Ginger.