Mueni, kuhusu hiyo medali ya Kioko

Mueni mwanangu, sisi wazima, mvua tu ndio imeharibu barabara ya kwenda stejini lakini tunasukuma.

Umeniuliza kama mjukuu wangu Kioko afanye hiyo Ad Altare Dei, medali ya dini ya maskauti Wakatoliki huko Marekani ama mumwache apumzike, sababu soka inamaliza wikendi zote, na wewe unaona ni kama kumlipa mtoto medali ndio apate kusali. Kile kijitabu ulinitumia WhatsApp nimekisoma chote. Nimependa vile wanapitia sakramenti saba moja moja, ubatizo hadi mpako wa wagonjwa, na si kukariri kama sisi na katekista, huyu anafanya kazi, anaandika, kisha anaketi mbele ya wakubwa wamuulize maswali. Miezi kama sita hivi. Nikishasema hivyo, medali hainisumbui hata kidogo, kinachonisumbua ni nani atakuwa ameketi kanisani siku hiyo anavalishwa.

Ile hadithi ya skafu unaijua, lakini hujawahi kuisikia yote. Kipaimara changu kiliangukia baada ya kempi ya Rowallan na sisi maskauti tukakubaliana tutaenda na unifomu. Babu yako, mtu hajawahi kushika pasi maisha yake yote, usiku alijaza makaa akapiga ile skafu mwenyewe, analowesha kitambaa, anaweka juu, anabonyeza polepole isiungue, mama akitaka kumsaidia anakataa. Asubuhi mlangoni mzee mmoja wa kanisa akatuambia tuvue, hapa ni misa si gwaride. Tukavua. Nikaikunja nikatia mfukoni, na wakati askofu ananipaka krisma nikamwona babu yako benchi ya tatu ananiangalia shingo. Hakuniuliza siku hiyo, hakuniuliza hadi amekufa. Mueni, bado inaniuma.

Manake ahadi ya skauti inaanza na Mungu! Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, huyo amelala kaburini Nyeri tangu 1941, alikuwa mtoto wa kasisi wa Anglikana na wajibu kwa Mungu aliuweka mbele. Sasa gwaride liko wapi hapo? Mimi nimekwambia tangu ukiwa mdogo, mtoto anashika dini kwa mikono kwanza, kichwa kinafuata.

Halafu usiku najijibu mwenyewe. Yesu alisema ukitoa sadaka mkono wa kushoto usijue wa kulia unafanya nini, basi labda yule mzee alikuwa na hoja, labda hata wewe unayo. Lakini ni Yesu huyo huyo, sura moja tu nyuma kwa Mathayo, anasema hakuna mtu huwasha taa akaifunika. Zote mbili ni neno lake, na sijui nani atanipatanishia, padre wetu nilimuuliza akacheka tu akasema nisali.

Ninachojua ni kwamba kile kifundo cha rangi ya fedha kwenye kitambaa cha zambarau, ile beji ya unifomu ya aliyepata medali, hakuna mtu atamwambia Kioko akivue mlangoni. Hata akiwa mzee kama mimi, akirudi kwa maskauti anaruhusiwa kukivaa. Mtoto anashika dini kwa mikono, nimesema na nitarudia.

Lakini si mimi wa kuamua, Kioko ana baba na mama, na huo uchovu wa Jumamosi ni nyinyi mnauona si mimi. Ningekwambia vile moyo wangu unataka, ila nanyamaza, ingawa nadhani umeshaona. Muulize mwenyewe na usimwambie nimesema nini. Akikubali tu, uliza mapema tarehe ya hiyo misa ya kuwavalisha, sababu nauli ya ndege inapanda na mama yako tayari ameanza kuuliza majirani viza inachukua muda gani.

Babako